Baruti ya Polepole

"Nifunge tu, binti yangu, tumalize," alisema Verlyn Skaar, hata kabla Corinne Rask hajaurudishia mlango wa banda.

"Ukitakiwa kufungwa utafungwa, mzee. Kwa sasa kaa."

Mzee akakaa kwenye kigoda chake mbele ya meza ya kujazia risasi, pale alipotia baruti mpya kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa. Bado alikuwa na suti aliyomzikia mwanawe jana, na ilionekana wazi kwamba alilala nayo. Corinne, mpelelezi wa ofisi ya sherifu, hakumpa pole. Alishampa jana mlangoni mwa kanisa, na kwake pole moja kwa msiba mmoja ilitosha.

Sherifu aliiona kesi hii nyepesi. Mzee alijaza risasi vibaya, akampa mwanawe Garth, Garth akaenda nazo shimo la kokoto kujaribu rivolva yake, bastola ya silinda, nayo ikampasukia mkononi. Silinda ilifumuka, na kipande cha chuma kikaingia juu ya jicho. Kuua kwa uzembe, basi. Kilichobaki ni maelezo ya mzee yenye sahihi, na mwendesha mashtaka aliyataka kabla msimu wa kuwinda haujafunguliwa na jimbo zima la Montana halijahamia milimani.

Lakini maabara ilikuwa imepiga simu asubuhi ile. Risasi zilizobaki kwenye boksi la Garth zilikuwa na baruti ya haraka, zote, hakuna iliyopona.

Kila mtu wilayani alijua maana yake. Baruti ya polepole huungua taratibu na kuisukuma risasi nzito, ndiyo maana wenye magnum, zile bastola za risasi kubwa, huipenda na kuijaza karibu ganda zima. Ya haraka huungua yote kwa mpigo. Ni ya watu wa mashindano, wanaotoboa mabati siku za Jumamosi, na hutiwa kidogo sana chini ya ganda. Ukiitia ya haraka kwa kipimo cha polepole, umejitengenezea bomu la mkononi.

"Nionyeshe ulivyozijaza," alisema Corinne.

Mzee akainuka. Mikono yake ilipogusa meza ilijua kazi yake. "Kopo moja mezani. Moja tu. Mengine yote yanarudi kwenye rafu kabla hili halijafunguliwa. Kila ganda napima baruti yake kwa mizani. Halafu namulika tochi ndani ya kila moja kabla sijaziba. Miaka arobaini, binti yangu. Hakuna risasi yangu iliyokwenda kombo."

"Imekwenda moja."

Corinne alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimkera.

"Za Garth ulitia baruti gani?"

"Kila mwaka namtia ya kati. Rivolva yake ndogo kuliko yangu, ya kati inaitosha. Ya polepole ilikuwa yangu peke yangu, ya ile magnum kubwa." Alijifuta pua kwa kiganja. "Mwaka huu nikamtia ya polepole. Ya kati imeadimika madukani, na halafu... kulikuwa na ile siku ya nyama choma, mwezi wa saba. Alinicheka mbele za watu. Akasema risasi zangu dubu akipigwa atadhani mbu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini ilinikaa. Nikasema mwaka huu nitamfungashia kitu chenye nguvu."

"Ulimwambia umebadilisha?"

"La. Nilitaka ashangae mwenyewe akipiga. Nikaziweka kwenye boksi lake lile lile, nikamwachia kwenye kiti cha gari."

Corinne akaenda rafuni, akachukua makopo matatu, akayapanga mwisho wa meza. "Soma."

"Nini?"

"Majina. Kutoka hapo ulipo."

Mzee akakaza macho, akainamisha kichwa huku na huku. "La kushoto ni la baruti ya kati."

"La kushoto ni kopo la kahawa, mzee. Lina misumari."

Mzee alikodolea macho kopo lile la kahawa, akionekana amefumaniwa. "Mtoto wa jicho," alisema mwishowe. "Macho yote mawili. Nikienda kwa daktari watanipokonya leseni ya gari, na shamba hili bila gari ni kaburi. Garth tu ndiye aliyejua. Ndiye aliyekuwa ananipeleka mjini." Kisha akaanza kulia, kilio kibaya cha mwanamume asiyezoea. "Basi ndivyo. Nilikosea kopo. Nimemuua mwanangu kwa sababu ya kiburi cha leseni."

Corinne hakungoja amalize. Aliipitia rafu yote, droo, kabati la chuma, hata chini ya meza. "Ya haraka unaiweka wapi?"

"Sina. Sijawahi kuiruhusu iingie humu. Mimi na mabati wapi na wapi?"

"Utakoseaje kopo usilokuwa nalo?"

Mzee hakumwelewa. Corinne akalifungua kopo la baruti ya polepole, akamwaga chembe kidogo kwenye sahani nyeupe na kuziinamia na lenzi. Ya polepole ilipaswa kuwa na chembe za mviringo, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Hizi zilikuwa bapa, kana kwamba kila moja ilikanyagwa. Rangi ilikuwa ile ile nyeusi, na kung'aa vile vile. Mtu mwenye macho mazima angetazama mara mbili. Mwenye mtoto wa jicho angepima, angemulika tochi yake, na angeridhika.

"Umeona nini?" aliuliza mzee.

"Nimeona baruti." Akalitia kopo kwenye mfuko wa ushahidi. Angeweza kumwambia na kumtua mzigo pale pale. Hakumwambia, kwa sababu aliyelijaza kopo hili alikusudia, na mwenye kopo alikuwa amekaa mbele yake. "Wewe na Garth mligombana lini mara ya mwisho?"

"Nani hajui? Shamba. Walikuja wale wajenzi wa nyumba za likizo, akataka tuuze. Nikamwambia atauza nikishakufa."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akanimiminia kahawa."

*

Lyle Pruitt, mwenye duka la bunduki, alipomwona akiingia alinyoosha mikono juu ya kaunta. "Dada Corinne! Umekuja kununua au kunifungia duka?"

"Inategemea ulimi wako." Akaliweka kopo mbele yake, ndani ya mfuko wake. "Hili ulimuuzia Verlyn. Ndani kuna baruti ya haraka. Kuna watu hununua kwa madebe wakajaza makopo nyuma ya duka. Nataka kujua kama wewe ni mmoja wao."

Utani ukamtoka Lyle usoni. "Wewe! Usinipake matope. Kopo lile lilitoka hapa na lakiri ya kiwanda. Na amelitumia tangu majira ya machipuko. Tulikwenda wote shimo la kokoto mwezi wa tano, nikapiga zake kwa ile rivolva yake kubwa. Mimi sipigi risasi iliyojazwa na mtu mwingine, hata ya ndugu yangu wa tumbo moja. Za Verlyn napiga. Zilikuwa safi kabisa."

"Kopo hili hili?"

"Hili hili. Lina ule mbonyeo, aliliangusha hapo mlangoni siku aliyolinunua. Tulimcheka."

Basi mwezi wa tano kopo lilikuwa na kilichoandikwa juu yake. Corinne akamwondoa Lyle kwenye hesabu zake bila kumwambia, amuache kidogo ajikaange.

"Kiangazi hiki, ya haraka nani kanunua?"

"Nusu ya wilaya. Klabu nzima ya mabati."

"Nani asiye wa klabu?"

Lyle akapanga upya visu ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. "Garth," alisema. "Mwezi wa nane. Alisema mzee kamtuma."

"Hukushangaa?"

"Nilishangaa. Nikamtania, nikasema mzee kaanza kucheza na watoto uzeeni. Akacheka tu, akalipa."

"Hukumpigia mzee simu?"

"Nimpigie kumwambia nini?"

"Neno moja tu lingetosha, na Garth angekuwa hai. Siku njema, Lyle."

Alimwacha mdomo wazi. Haikuwa lazima kumwambia vile, lakini alikuwa na hasira na mji mzima uliocheka mwaka mzima bila kuuliza swali.

Garini alimpigia sherifu. Sherifu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga mluzi. "Kumbe mzee ni nyoka. Kamtuma mtoto akanunue sumu yake mwenyewe, kaimimina kwenye kopo, kajaza boksi la mtoto, na sasa analia eti macho. Huo si uzembe tena, Corinne. Huko ni kuua kwa kukusudia. Atafia jela. Mlete."

"Au mtoto alidanganya dukani."

"Na nani aliyekufa?"

"Nipe mpaka mchana, bosi."

"Mpaka mchana. Nikishiba tu naandika hati mwenyewe."

Corinne alikaa bila kuwasha gari. Hadithi zilikuwa mbili, na maneno ya Lyle yalizilisha zote mbili. Ama baba aliilipua rivolva ya mwanawe, ama mwana alilitegea kopo la baba, akijua macho ya baba hayatagundua, na akijua, kwa alivyojua yeye, kwamba kopo lile halijazi risasi nyingine yoyote isipokuwa za mzee. Kilichotofautisha ni kitu kimoja. Kopo lile lilikuwa na baruti nzuri kabla ya kutiwa mbaya. Baruti nzuri ilikwenda wapi?

Baruti haitupwi kwenye taka. Watu wa kule hawaitupi hata wakiwa wamelewa, kwa sababu gari la taka huibana, na gari liliwahi kuungua barabarani na dereva wake. Haimwagwi chooni wala haichomwi kwenye jiko. Anayejaza risasi, na aliyelelewa na anayejaza risasi, huitawanya juu ya nyasi na kumwagilia maji. Ni mbolea nzuri kuliko ya dukani. Mtu angeweza kuwa anapanga mauaji na mkono wake bado ukaifanya kazi hiyo vile ulivyofundishwa utotoni.

Uwanja wa Verlyn alishauvuka asubuhi. Ulikuwa wa rangi ya mkate, kuanzia lango mpaka banda, bila hata baka moja la kijani. Corinne akawasha gari, akaelekea kwa Garth.

*

Jikoni kwa Shawna, mke wa Garth, hapakuwa na pa kuweka mkono. Mabakuli ya viazi vya kuokwa na jibini yaliyoletwa na wanawake wa kanisa yalijaa meza, dirisha na hata viti. Shawna mwenyewe alikuwa akila kutoka bakuli moja kwa kijiko kikubwa, bila kuisikia ladha.

"Mmeshamkamata mzee?" aliuliza.

"Unataka akamatwe?"

"Sijui nataka nini. Alimpenda Garth. Lakini angevaa miwani, jamani. Angeenda hospitali."

"Naomba kuuona uwanja wa nyuma."

Shawna akamtazama kama aliyerukwa na akili, lakini akamfungulia mlango. Nyasi za nyuma zilikuwa zimekufa, kama za wilaya nzima baada ya kiangazi kile. Zote, isipokuwa pale nyuma ya gereji. Pale palikuwa na utepe wa kijani kibichi, mnene, wa urefu wa mtu aliyelala, na ulikuwa umetawanywa vizuri sana, kingo hadi kingo, kazi ya mtu aliyefundwa.

"Hapa kuna nini?"

"Aa, hapo! Garth aliweka mbolea, mwezi wa nane. Nilimcheka. Mtu ambaye hajawahi kumwagilia hata ua la mama yake, leo kashika mpira wa maji nyuma ya gereji. Nikamuuliza, mwenzangu, unapanda nini? Akaniambia niingie ndani, jua kali."

Corinne akapiga magoti, akachimba kwa kisu katikati ya mizizi. Alipekua udongo kwenye kiganja, chini ya lenzi. Mvua chache za mwezi wa tisa zilikuwa zimezichujua chembe nyingi na kuziondolea weusi, zikabaki za manjano. Lakini umbo lilikuwepo. Zilikuwa za mviringo.

Akaujaza mfuko, akaufunga, akaandika juu yake. Kisha akauliza, bado akiwa amepiga magoti, "Garth na baba yake walikuwa wanaongea siku hizi? Baada ya ugomvi wa shamba?"

"Wanaongea? Alikuwa akimpigia simu kila asubuhi. Wiki mbili tatu za mwisho, kabla hata hajanywa kahawa. 'Baba, umeshapiga risasi zako mpya? Dubu wameshuka, nenda shimoni ukazoee mkono.' Mzee anasema kesho, kesho. Garth akikata simu anapiga meza ngumi. Nilimwambia, mwache baba wa watu. Nikajua ni hofu. Mtu na baba yake."

"Na rivolva yake mwenyewe? Hakuogopa kuipiga?"

"Aogope nini? Zake mzee humjazia ya kati kila mwaka. Alisema zile ni za watoto." Macho ya Shawna yakaenda kwenye mfuko wa udongo, yakaenda kwenye zile nyasi, yakarudi. Hakuwa mjinga. "Corinne. Ile mbolea ilikuwa nini?"

"Baruti ya baba mkwe wako. Aliyoitoa kwenye kopo lake."

"Aliitoa ili atie nini?"

Shawna akakaa chini pale pale, juu ya nyasi za kijani, kisha akagundua amekaa wapi na kutambaa kwa mikono mpaka kwenye nyasi kavu.

"Usimwambie mzee," alisema. "Nakuomba. Mwambie chochote. Mwambie kopo lilikuwa bovu."

"Nisiposema, atashtakiwa kwa kumuua Garth kwa kukusudia. Atafia jela."

"Mwulize kama hatapenda jela zaidi."

*

Mchana ule Verlyn alikuwa jikoni kwake, amenyoa, amebadilisha shati. Mbele yake palikuwa na kalamu. "Leta nitie sahihi," alisema. "Nimejiandaa."

Corinne akakaa. Alijua njia ya kuyasema kwa upole na hakuiamini, kwa sababu upole ungempa mzee nafasi ya kujificha. Akayasema moja baada ya jingine: chembe bapa ndani ya kopo, kopo lililokuwa safi mwezi wa tano, Garth dukani kwa Lyle, nyasi nyuma ya gereji, simu za asubuhi. Hakuacha kitu.

"Hukukosea kopo, mzee. Ulilichukua lile lile ulilolitaka. Garth alilitegea kwa ajili yako. Hakujua kwamba mwaka huu umemchagulia baruti yako."

Mzee hakulia safari hii. Aliweka kiganja juu ya meza, akakipapasa kitambaa cha meza kwa kidole gumba.

"Andika nilikosea mimi," alisema.

"Siwezi."

"Unaweza. Umeona mwenyewe, siwezi kusoma kopo. Mlete daktari anipime macho. Nitasimama mahakamani niseme mbele ya mji mzima kwamba Verlyn Skaar ni kipofu na alificha. Leseni wachukue. Wanifunge." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepatana bei. "Nimekaa siku zote hizi nikijua nimemuua mtoto aliyenipenda. Ninalimudu hilo, Corinne. Nimeshalizoea. Hili lako silimudu."

"Udongo umeshaondoka kwenda maabara. Niliupeleka kabla sijaja. Sherifu anajua, mwendesha mashtaka anajua. Sikuja kukuomba ruhusa. Nimekuja usilisikie dukani kwa Lyle."

"Ungeniacha," alisema mzee. "Kwani ulipungukiwa nini ukiniacha?"

Corinne alisimama, na ndipo akili yake ya kazi ilipomrudia, akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa asubuhi. "Siku ile ulijaza na zako kutoka kopo hilo?"

Mzee aligeuza shingo kidogo tu kuelekea mlangoni. Pale, kwenye msumari karibu na koti lake, ulining'inia mkanda wa ngozi na ile rivolva kubwa ndani ya ala yake. Wote wawili waliiendea, wakafika pamoja, maana mzee aliinuka haraka kuliko Corinne alivyodhani angeweza. Mzee alikuwa ameishika kwa mikono miwili, mtutu chini, ameikumbatia kifuani.

"Ina risasi?"

"Imejaa."

"Nipe, Mzee Skaar."

"Wewe nenda. Nitaileta kesho ofisini."

"Hutaileta."

Alikuwa mzee lakini mikono yake ilikuwa ya shamba. Ilibidi Corinne amshindilie ukutani kwa bega, mzee aliyezika mwana jana, na kumbandua vidole kimoja kimoja, kuanzia kidogo. Kimoja kilitoa mlio wa mfupa kikiachia. Mzee hakupiga kelele. Corinne akaifungua silinda, akazimwaga risasi kwenye kiganja, sita, zimekaa sawasawa, zimezibwa vizuri kuliko za kiwandani, akazitia kwenye mfuko wa ushahidi na kuandika juu yake jina la marehemu kama mtuhumiwa.

Verlyn alibaki ameegemea ukuta, akipumua kwa mdomo, akimtazama anavyoandika bila kuona anachoandika.

"Hizo ni zangu," alisema. "Mwanangu alinitakia mimi hizo. Nirudishie."

Corinne akaufunga mfuko na kutoka.